Mwanasheria wa nyumbani kufanya uwakili Marekani? Msikilizeni mzee Stevens kwanza

Haya watu wangu, leo najibu lile swali. Hata nikiweka video ya kupika pilau, lazima mtu aandike: "Kaka, nina shahada ya sheria ya huku nyumbani, nikija huko nitakuwa wakili?" Nikisema ni vigumu, namkatisha tamaa. Nikisema inawezekana, naringa. Basi leo nawapa habari za mtu mwingine, mzee wa hapa hapa Lancaster, Pennsylvania, wakili na mbunge wa karne ya 19: Thaddeus Stevens. Rais Lincoln, naye alikuwa wakili, mnamjua, tumwache.

Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, kwao maskini, mguu mmoja una kilema. Akamaliza chuo cha Dartmouth, akaja York, Pennsylvania, kufundisha huku akijisomea sheria. Mawakili wa York wakamwekea kanuni: anayesoma sheria asiwe na kazi nyingine. Sasa ale nini? Mwaka 1816 akavuka mpaka wa jimbo hadi Bel Air, Maryland, akahojiwa huko, akapata leseni, akarudi kufungua ofisi Gettysburg. Huyo ni mzaliwa wa nchi, Kiingereza cha mama yake! Na mpaka leo kila jimbo lina masharti yake ya uwakili. Mimi nililipa kampuni moja inayolinganisha vyeti, wakataka muhuri mwingine wa chuo, chuo nacho kikataka hela ya muhuri, na ile ada ya kwanza hairudi. Tuyaache, nisije nikapandisha presha bure.

Mnaopenda kuuliza "analipwa shilingi ngapi?", sikilizeni. Stevens uwakili ulimlipa, lakini biashara yake ya kuyeyusha chuma ikammeza. Mwaka 1842 alihamia Lancaster kwa sababu ya madeni, huku kesi zilikuwa nono. Kiwanda chake cha Caledonia kikaja kuchomwa na jeshi la Kusini mwaka 1863, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakati huo yeye ni mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayotafuta hela za vita.

Wala sijasema alikuwa malaika. Mwaka 1821 alisimama upande wa mwenye watumwa dhidi ya Charity Butler, mama aliyedai uhuru wake mahakamani, na Stevens akashinda. Hiyo mimi siimezi, hata kama miaka 30 baadaye aliwatetea washtakiwa wa Christiana, kijiji cha huku Pennsylvania, walioitwa wahaini kwa kuwakinga watumwa waliotoroka. Ndiye huyo huyo aliyeokoa shule za bure za Pennsylvania mwaka 1835, na mwaka 1866 akayapigania bungeni Marekebisho ya 14 ya katiba. Nyie mnaoniuliza kuhusu uraia wa mtoto anayezaliwa huku, andiko lenyewe limo humo. Yalipitishwa rasmi Julai 1868. Agosti mzee akafariki.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye shahada: mimi si wakili, na yaliyonikuta ni yangu, yako yanaweza kuwa mepesi. Chagua jimbo kwanza, soma masharti yake kabla hujatoa hata senti. Na anayetaka kuniandikia kwamba naringa, aandike, nimeshazoea.