Kibanio, nati na sipro: mbona hataki chai ya maziwa

Niaje wadau, karibuni tena jikoni kwangu hapa Kondele, Kisumu, leo sipiki. Jirani yangu alikuwa anameza siprofloksasini (sipro, dawa ya kuua bakteria) na kikombe cha maziwa kila asubuhi, kisha ananiuliza mbona dawa ni kama haifanyi kazi, sasa njoo nikuonyeshe.

Chukua kibanio cha nguo cha plastiki, nati ndogo na sumaku. Kibanio ndio dawa. Nati ni magnesiamu. Peleka mdomo wa kibanio kwa sumaku bila nati, unaona, kinateleza tu (ukiona kimenasa ujue sumaku imeshika springi, mimi ilinidanganya nikasema eksperimenti imebuma). Sasa bana nati, jaribu tena. Tap! Imeshika. Sumaku tuichukulie ni jairesi, kimeng'enya cha bakteria kinachokata DNA na kuiunga tena, sipro inabana magnesiamu kwa oksijeni zake mbili, na hiyo magnesiamu inashikana na jairesi kupitia molekuli za maji, basi DNA ikikatwa haiungwi tena na bakteria anaisha. Bakteria mwingine mjanja anabadilisha pale kwa jairesi maji yaliposhikia, serini (kipande kimoja cha hiyo protini) inatolewa, daraja la maji linaregea, na hapo ndio usugu unaanzia.

Haya, chukua katoni utoboe shimo la kibanio kupita. Hilo ni ukuta wa utumbo. Kibanio kitupu kinapita, sindio? Kibanishe nati kubwa ya gari sasa, sukuma... wapi, imekwama. Hiyo nati kubwa ni kalsiamu ya maziwa, ni chuma ya vidonge vya kuongeza damu, ni alumini na magnesiamu ya ile dawa nyeupe ya kiungulia ya kutikisa chupa. Kubana ni kulekule, shida ni kubanwa mapema, tumboni, kabla dawa haijaingia damuni.

Kwa hivyo sipro meza na maji, masaa 2 kabla ya dawa ya kiungulia au vidonge vya damu, ama masaa 6 baadaye, na usiiteremshe na maziwa matupu. Tetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, pia hubana, yenye inaenda na magnesiamu mpaka kwa ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria, kuziba protini isitengenezwe, na kwa mtoto inashika kalsiamu ya meno yanayokua, yanabaki na rangi ya manjano.

Ngoja nirudishe hii nati, fundi wa baiskeli ashaanza kupiga simu.