Mwalimu, Mti Una Kidonda?

Shikamooni wazee wangu, na habari zenu walimu wenzangu. Naona wengine mnaitazama meza hii kwa mashaka. Vifuu, chelewa za fagio la mnazi, magunzi, gunia chakavu la korosho. Mfagiaji hajasahau kazi yake, hivyo ndivyo vifaa vyangu vya leo, vya kazi za mikono za Krismasi kwa watoto wa awali.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali, hapa hapa Mtwara, nilinunua pamba duka la dawa nikaibandika kwenye mti wa plastiki. Desemba hii yetu, jasho linatiririka mpaka kisigino, mimi naweka theluji! Mtoto mmoja akausogelea mti, akaigusa pamba, akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mwalimu, mti una kidonda?" (Kicheko.) Pamba anaijua, aliwekewa gotini alipochubuka. Theluji hajaiona. Na mimi sijaiona. Tangu siku ile, kabla sijapanga kazi yoyote ya Krismasi najiuliza kwanza: kitu hiki, mkono wa mtoto unakijua?

Wala si jambo geni. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio kule Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu wayaone mazingira ya kuzaliwa kwa Yesu kwa macho yao. Akataka hori, nyasi, ng'ombe na punda, vitu ambavyo wanakijiji walikuwa navyo zizini. Vyetu ni vipi? Tutoke nje tuangalie. Mkrismasi pale uani umeshawaka mwekundu, hatukuulipia hata senti. Waokote maua yaliyoanguka, wabandike kwenye boksi. Kesho yatanyauka, najua. Mtoto wa miaka 4 haumwi na kesho.

Gundi sasa. Msinunue. Unga wa muhogo vijiko 2 vya chakula, maji kikombe 1. Koroga ukiwa baridi kwanza, la sivyo utapata mabonge, kisha bandika jikoni, endelea kukoroga mpaka uone unang'aa kama uji mzito. Upoe kabisa ndipo watoto waguse. Siku ya pili au ya tatu utachachuka, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Na kazi zilizokauka zifungie kwenye debe. Mwaka mmoja mende walikula pango langu la Bethlehemu lote, wakabakiza mchungaji mmoja.

Nitakaa zaidi kwenye hori, maana hapo ndipo watoto wenyewe hukaa. Luka 2:7 inasema mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe. Chukua kifuu, mwalimu ukisugue ukingo wake kwenye jiwe usikwaruze, kisha kikalishe juu ya kata ya makumbi ili kisiyumbe. Mtoto achambue makumbi mengine kwa vidole, ajaze ndani yawe nyasi. Hapo atachukua dakika 10 nzima bila kelele, na mnaofundisha awali mnajua dakika 10 za kimya zina thamani gani. Halafu kipande cha gunzi, akivike kitambaa cha kanga iliyochakaa. Mwacheni avishe mwenyewe. Binti mmoja aliniwekea magunzi matatu katika hori moja. Nikamwambia Yesu alikuwa mmoja. Akanijibu, "Hawa wengine wamekuja kumsalimia, wamelala." Nikanyamaza.

Nyota ni rahisi. Chelewa 3, kila moja shibiri 1, mwalimu anazifunga katikati zikae kama miale. Uzi tunaufumua kwenye gunia. Mtoto anazungusha, anapita juu, anapita chini, anakosea, anaendelea. Kuzungusha huko kunakaza misuli ileile ya vidole itakayoshika penseli, basi mzazi akikuuliza kwa nini mtoto amecheza na fagio badala ya kuandika, una jibu. Rangi ya njano ni binzari, nyeusi ni mkaa uliosagwa, kijani ni kisamvu kilichotwangwa. Mikasi wekeni kabatini, kuchana karatasi kwa mkono kunawatosha.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Msimu huu korosho zimejaa kila nyumba, na najua kuna atakayefikiria maganda yake ni mazuri kwa mapambo. Hapana. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Akina mama wanaobangua hupaka majivu mikononi, hawafanyi vile kwa urembo. Mtoto akishashika ganda, mara mkono huohuo uko jichoni. Vile vitunda vidogo vya mivinje ya ufukweni ni vizuri, ila vinaingia mdomoni. Wenye wadogo wa chini ya miaka 3 nyumbani wasipewe kuondoka navyo.

Kuna mama ameinua mkono. Ndiyo, dada yangu. Anauliza kuhusu watoto wa Kiislamu. Swali zuri, na hapa pwani usipoulizwa utakuja kuulizwa. Mimi wazazi nawaita Novemba, shule haijafungwa, nawaonyesha kazi zote. Wengi husema nyota na kupaka rangi sawa, hori hapana. Basi mtoto wao anatengeneza nyota, tena anapeleka nyumbani kuning'iniza dirishani. Mmoja alikataa vyote, na mwanawe tukampa chelewa akasuka kikapu kidogo, akafurahi kuliko wenzake.

Na nyinyi akina baba mlioko nyuma, mkija kusaidia darasani, kaeni juu ya mikono yenu. Mwaka jana baba mmoja alinyang'anya kifuu cha mwanawe akakichonga kama vinyago vya Kimakonde, kizuri mno. Mtoto akabaki anamtazama baba yake akicheza.

Haya, mhadhara umetosha. Sufuria ya gundi ile pale imeshapoa. Sogezeni viti, kila mtu achukue kifuu chake, na asiye na gunzi aniambie.