Aspen: madukani tunaangalia tu, sanaa tunaingia bure

Wapendwa wangu, karibuni tena. Leo niko Aspen, jimbo la Colorado, Marekani. Mji uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mkinisikia nahema msidhani nimekimbizwa. Hewa tu, nyepesi.

Haya, mtaani. Prada ipo, Gucci ipo, Louis Vuitton ipo. Oneni hilo koti dirishani: halina bei. Duka lisilobandika bei si langu wala lako, tupige picha tusonge mbele.

Wengi mnaniuliza, mji wa mabilionea unaufuata nini? Nimefuata jengo hili hapa, makumbusho ya sanaa, Aspen Art Museum. Kiingilio bure. Nisogeze kamera... ukuta wa nje umesukwa jamani! Vipande vipana vyenye sura ya mbao vimepishana juu na chini kama mkeka, na kwenye matundu yake mwanga unapenya mpaka ngazini. Unaanza kwa kupanda hadi juu, kwenye mandhari ya mlima, halafu unashuka ukitazama kazi za sanaa, ghorofa kwa ghorofa. Aliyechora ramani ya jengo alitaka ushuke kama mtu wa ski, yule anayeteleza mlimani kwenye theluji.

Msanifu huyo wa majengo ni Shigeru Ban, Mjapani, na jengo lilifunguliwa 2014. Sasa sikieni: miaka ya 1990 huyuhuyu alifanya kazi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, akabuni vibanda vya wakimbizi wa Rwanda vyenye nguzo za mirija ya karatasi ngumu, ili watu wasiendelee kukata miti. Mtu wa vibanda vya wakimbizi, leo jengo lake limepakana na maduka haya! Mimi hilo limenigusa kuliko chochote nilichokiona ndani.

Na sanaa hapa haikuletwa na matajiri wa juzi. Huu ulikuwa mji wa migodi ya fedha, madini. Soko likaanguka 1893, watu wakahama. Mwaka 1949 Walter na Elizabeth Paepcke, mtu na mkewe kutoka Chicago, wakaandaa sherehe ya miaka 200 tangu azaliwe Goethe, mwandishi na mshairi wa Kijerumani. Mgeni rasmi? Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné, Gabon. Muziki ulipigwa hemani, na tamasha la kila kiangazi likazaliwa hapo. Tiketi ikikushinda, kaa nje kwenye nyasi, unasikia kila kitu bila kulipa senti. Wenyeji wenyewe wanatandika mablanketi, wanakula.

Wapenzi wa mitumba, sijawasahau. Kuna duka la mitumba hapa mjini, wauzaji wanajitolea, mapato yanakwenda kwenye misaada. Tajiri akichoka na koti lake, linaishia humo. Hapo bei zimebandikwa, na mimi mfuko ulilegea, nitawaonyesha.

Kulala? Hapana, hapa silali. Hata wengi wanaokunja nguo kwenye maduka yale hawakai hapa, wanashuka bondeni na basi kila jioni, Basalt, Carbondale, mpaka Glenwood Springs. Kodi za hapa si za mshahara wa dukani, na hilo matangazo ya utalii hayalisemi.

Basi langu hilo linakuja. Mnaotaka Maroon Bells, vilele vya milima karibu na hapa, andikeni hapo chini. Kiangazi mchana magari binafsi yanadhibitiwa kule, tutapanda basi.