Jino la Ndovu Lilichelewa

Wazee wetu, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mlioketi sakafuni ili wakubwa wapate viti, karibuni.

Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill, kilima chenye jina la pimbi. Wengi wenu mmemwona pimbi akiota jua mawe yakipata moto, kimnyama cha ukubwa wa sungura. Huyo na ndovu ni ukoo mmoja. Nguva wa pwani naye yumo. Huko Moroko yamepatikana mabaki ya mnyama wa miaka milioni 60 iliyopita, mwenye uzani unaokisiwa kuwa kilo 5 au 6 tu, na meno yake tayari yanamweka upande wa ndovu.

Ndiyo maana leo nazungumzia meno. Mkonga hauna mfupa hata mmoja, ukioza umekwisha. Gego hubaki.

Hata zile tunazoziita pembe ni meno ya mbele. Anayebisha na atazame mnyama wa Karungu, kule Migori, kando ya ziwa. Mwaka 1911 mtaalamu aitwaye Andrews alieleza mabaki yake na kumpa jina la Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni. Mnyama huyo ni dainotheri, jamaa wa ndovu aliyekwisha kutoweka. Juu hakuwa na pembe kabisa. Zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Magego yake yalikuwa na matuta machache makali ya kukatia majani ya miti. Ukoo wake uliishi Afrika Mashariki hadi miaka kama milioni moja iliyopita, na muda huo wote meno yao hayakubadilika sana.

Ndovu alikwenda njia nyingine. Sisi jino jipya huchipuka chini ya la utotoni. Kwa ndovu, gego jipya hutokea nyuma ya taya na kusogea mbele polepole, huku la zamani likimegeka na kudondoka. Hufanya hivyo mara sita maishani. La sita likilika, kwenye miaka sitini hivi, hakuna la saba, na mzee huyo hufa kwa njaa mbele ya malisho. Gego lenyewe ni vibao vya enameli, ile sehemu ngumu ya nje ya jino, vilivyosimama vimebanana kama vitabu rafuni. Nyasi ina chembe za silika, na vumbi juu yake. Hulisugua jino kama msasa. Mwenye vibao vingi na virefu hutafuna miaka mingi zaidi.

Sasa fuateni hapa, maana ndipo penye utamu. Enameli hutunza kumbukumbu ya chakula: kaboni ya nyasi za joto na kaboni ya majani ya miti hutofautiana, na maabara huweza kuzipima. Vipimo vya meno ya Afrika Mashariki vinaonyesha kwamba jamaa za ndovu walianza kula nyasi kwa wingi miaka kama milioni 8 iliyopita, nyika zilipokuwa zikipanuka. Lakini magego marefu yalikuja baadaye sana, baada ya miaka milioni 3 hivi! Vizazi na vizazi vilikula nyasi kwa meno yasiyofaa nyasi. Tabia ilitangulia, mwili ukafuata. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi, na hakuna jambo linalonigusa kama hilo.

Pale Lothagam, Turkana, ndipo alipotambuliwa Primelephas, mmoja wa ndovu wa kale kabisa, mwenye vibao vichache na vifupi. Katika zama hizo, humu humu Afrika, matawi yaligawanyika: ndovu wetu, ndovu wa Asia, na mamothi. Ndiyo, mamothi, yule mwenye manyoya mnayemchora akiwa kwenye theluji. Wahenga wake walitoka Afrika kama miaka milioni 3 iliyopita. Gego la mwisho la mamothi wa Siberia lilifikisha vibao zaidi ya 20, na wa mwisho wao walikuwa kisiwa cha Wrangel, Urusi, miaka kama 4,000 iliyopita, piramidi kuu za Misri zikiwa zimeshajengwa.

Hapa kwetu bingwa wa nyasi alikuwa ndovu aitwaye recki. Mabaki yake yapo Olorgesailie, kule Kajiado, pamoja na zana za mawe za waliomchinja. Alitapakaa Afrika Mashariki yote, kisha akatoweka. Liech, yaani ndovu kwa Kijaluo, tunayemjua leo, anayekula nyasi na pia kuvunja matawi, ndiye aliyebaki.

Niwaambie jambo moja linaloniuma. Niliwahi kualikwa chakula nyumba moja upande wa Kendu Bay, nikakuta gego la kisukuku, jino la kale lililogeuka jiwe, limewekwa mlangoni kuzuia upepo. Nilimwuliza mama mwenye nyumba lilitoka wapi. Watoto walilileta zamani, akasema, wala hakumbuki kutoka korongo lipi. Gego zuri, vibao vyote vipo, lakini bila tabaka la udongo lilipolala hatuwezi kujua umri wake.

Kwa hiyo vijana, mkikuta jino korongoni baada ya mvua, msiling'oe. Lipigeni picha pale pale, wekeni kalamu kando ili ukubwa uonekane, shikeni alama ya mahali, kisha waarifuni watu wa makumbusho. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalilinda. Na kama lipo tayari nyumbani kwa nyanya, muulizeni leo jioni lilitoka wapi, angali anakumbuka.