Shangazi alielewa muvi ya Kichina, ya Kibongo ikamshinda

Shikamooni wakubwa, na nyie wenzangu wa kamera na wa kuediti, mambo vipi. Nimepewa dakika ishirini kwa hiyo ya sheria sitayarudia, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009, makaratasi tunayo. Mimi nataka tuongelee video zenyewe, maelezo ya sauti kwa asiyeona, yaani sauti inayosimulia kinachoonekana, na maandishi ya chini kwa asiyesikia.

Wanaonijua wameshaguna, huyo anaanza tena na shangazi yake. Ndiyo, naanza na shangazi.

Shangazi yangu haoni tangu kabla sijazaliwa. Tuliishi naye Temeke na mtaa wa pili palikuwa na kibanda umiza, mabenchi, joto, tivii moja imefungiwa kwenye sanduku la mbao juu ukutani. Ananishika bega tunaenda wote. Enzi zile za akina Lufufu, wasimuliaji wa muvi, muvi ya Kichina au ya Kihindi inakuja na sauti ya Mswahili juu yake, anatafsiri wanachosema na hapo hapo anakuhadithia, jamaa huyo kapanda ukuta, kisu kakificha mgongoni, mwenzake bado hajamwona. Shangazi akirudi nyumbani anawasimulia wengine muvi nzima kunishinda mimi mwenye macho yangu mawili. Halafu zikaja muvi zetu za Kibongo. Alifurahi jamani, si lugha yake! Tukaweka sebuleni. Mlango unalia, unapigwa muziki wa huzuni dakika mbili nzima hakuna anayeongea, ghafla mwanamke anapiga ukunga. "Kafanyaje?" Nikamwambia subiri. "Kaona nini?" Watu wakaanza shiii, shiii. Mara ya tatu hakuuliza, alinyanyuka akatoka uani kuchambua mchicha. Yaani ya Kichina alikuwa anaielewa, ya Kiswahili ndo ikamtoa nje.

Kwa hiyo mtu asiniambie maelezo ya sauti ni mambo ya Wazungu. Wasimuliaji wa vibandani walikuwa wanayafanya, na kila Simba na Yanga zikicheza mtangazaji wa redio anayafanya dakika tisini bila kupumzika, yuko wingi ya kulia, kamtoka beki, anamimina krosi, na nchi nzima inaona. Kazi ndo ile ile, tofauti yako wewe wa muvi unaingia pale waigizaji walipokaa kimya, na unasema kinachoonekana. Usiseme "ana huzuni", sema anafuta machozi kwa ncha ya khanga, huzuni shangazi ataipata mwenyewe.

Najua kuna mtu hapo nyuma atasema bajeti haitoshi. Sawa, ngoja nikupe ambayo haina gharama hata senti tano. Kuna taasisi, siitaji, waliniletea video ya kuelimisha akina mama mtoto akiharisha. Dada wa watu anaongea vizuri, katulia, anasema "chukua maji kiasi hiki, sukari weka hivi, chumvi kidogo tu kama mnavyoona hapa." Kama mnavyoona hapa! Mama asiyeona amepata nini hapo, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kumbe alitakiwa aseme tu lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa juu. Sentensi moja, ukiiandika kwenye skripti kabla hujawasha kamera basi hakuna sauti ya pili ya kurekodi. Na anayeona naye anafaidika, yule aliyeisikiliza huku kainama anafua. Tulirudia ile sehemu asubuhi moja ikaisha.

Sasa maandishi ya chini, nakimbiza maana naona naonyeshwa saa. Mnasema viziwi si wana mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya skrini. Wanaye, na asiondolewe, kwa viziwi wengi lugha ya alama ndo lugha ya kwanza na Kiswahili cha kuandika ni cha pili. Lakini mzee aliyeanza kutosikia akiwa na miaka sitini atajifunzia wapi alama, yeye anasoma. Na msiiachie mashine iandike yenyewe mkaondoka. Kiswahili chetu kukataa kumekaa kwenye silabi moja, mimi nimeshakuta "mtoto asipewe" imeandikwa "mtoto apewe", kwenye video ya dawa hiyo, na iko hewani tayari. Mashine ianze, sawa, lakini mtu akae aisikilize yote mwanzo mwisho na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha.

Mistari isizidi miwili, andika nani anaongea kama hayupo kwenye picha, na sauti zenye maana nazo ziandikwe, [mlango unagongwa], [kicheko nje], hapo ndo panapotofautisha na tafsiri ya kawaida. Kama unaweza weka faili la SRT, yaani faili dogo la maandishi na muda wake, pembeni badala ya kuchoma maneno kwenye picha yenyewe, mtu anayakuza, anayazima, kesho ukikuta kosa unarekebisha faili dogo tu. Kule Boston, Marekani, kituo cha tivii cha WGBH walianza kuweka maandishi ya chini 1972 na kipindi cha mapishi, mapishi tu, na miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, tangu 2008 inaweka maandishi ngazi A, yaani ya kuanzia kabisa, maelezo ya sauti yako AA, ngazi inayofuata, sasa sisi tunasubiri nini sijui.

Ya matangazo ya moja kwa moja nimeyaruka, muda umekwisha. Ila kabla ya chai naomba fundi azime projekta abakishe spika, tupige ile trela mliyoileta asubuhi, wote tusikilize tu. Halafu mwenye trela aje hapa mbele na flashi yake, tukae tuandike pamoja.