Jina la Mtoro na Marejeo Yasiyokuwepo

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie wizi wa maandishi na hizi programu za akili mnemba. Niruhusuni nianze na mtu wa hapa hapa Bagamoyo. Mwaka 1903, huko Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Harusi, jando, ngoma, maziko, yote yamo, kwa Kiswahili cha pwani hii. Sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Jaladani likakaa jina la C. Velten, Mjerumani aliyeyakusanya maandishi hayo. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likapanda jaladani. Mtoro alikwisha fariki zamani. Nikipita Dunda huwa nalikumbuka hilo, na linaniuma.

Sasa sikilizeni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea rasimu ya makala kuhusu ngoma za harusi. Kiingereza kimenyooka, hoja zimepangika. Nikayatafuta marejeo yake matatu. Majarida yapo, waandishi wapo, lakini makala zenyewe hazikuwahi kuandikwa na mtu yeyote! Nilipomwuliza alishtuka kweli. Aliiamini mashine.

Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, hukisia neno lipi lifuate, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Ukiidai marejeo yaweza kukuundia kitu chenye sura ya marejeo. Hata zile zinazopekua intaneti, fungua chanzo ukisome mwenyewe. Na yale maandishi iliyofunzwa nayo yana wenyewe, watu waliokesha wakiandika. Maarifa yao yanakufikia, majina yao yamebaki njiani. Ukiyaweka chini ya jina lako, umemfanyia mtu yaleyale aliyofanyiwa Mtoro, nawe humjui hata ni nani.

COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji ambayo wahariri wa majarida mengi huifuata, ilitoa msimamo Februari 2023: chombo cha akili mnemba hakiwezi kuwa mwandishi, maana hakiwezi kuwajibika kwa kazi. Aliyekitumia aeleze alikitumiaje. Mimi nauunga mkono. Kusahihisha sarufi kwa mashine, ukasema wazi, sioni kosa.

Walimu wenzangu, nina neno nanyi. Msimhukumu mtoto wa watu kwa alama ya programu inayodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo. Zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao zilidhaniwa ni za mashine. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa programu yao ya namna hiyo Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi. Mwite mwanafunzi, mkae, akuonyeshe rasimu, akueleze hoja aliifikiaje. Inachukua muda, najua. Ndiyo kazi yetu.

Yule wangu nilimrudisha akaanze upya. Alikaa wiki mbili na bibi mmoja, somo, yaani kungwi, wa siku nyingi, akimsikiliza na kuandika. Aliporudi, makala ilikuwa fupi, Kiingereza kina makosa. Kwenye marejeo, kwa ridhaa ya bibi mwenyewe, jina lake lilikuwamo, limeandikwa kamili.