Kanabidioli na kiu ya pombe

Wazee wangu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuja. Hapa Arua hakuna asiyemjua mtu ambaye pombe imemshinda. Ameapa mbele ya mkewe, mbele ya mchungaji au imamu, akakaa wiki mbili hajagusa. Jioni moja kapita wanapouza pombe ya lira-lira, harufu ikampiga, mate yakamjaa kinywani, akaingia. Jamani, huyo msimwite mtu asiye na haya. Ubongo wake umeshazoeshwa: akiiona chupa tu, sehemu ya ndani inayotafuta raha huwaka kabla yeye hajaamua lolote.

Sehemu hiyo ndiyo waliyoichunguza watafiti wa Mannheim, Ujerumani. Walichukua watu 28 wenye uraibu wa pombe. Wengine walipewa miligramu 800 za kanabidioli, kemikali itokayo kwenye bangi, wengine dawa bandia isiyo na kanabidioli, na hakuna aliyejua kapewa ipi. Kisha wakawekwa kwenye msongo, wakaonyeshwa pombe, ubongo wao ukapigwa picha. Kwa waliomeza kanabidioli, ile sehemu ilitulia zaidi na hamu ikawa ndogo. Habari hizi zilinipa matumaini makubwa. Lakini ni dozi moja, kwa watu wachache. Kupungua kwa hamu siku moja si kuacha pombe mwaka mzima.

Vijana, hapa nisikilizeni vizuri. Kanabidioli hutoka kwenye mmea wa bangi, ila haileweshi. Kinacholewesha ni THC, kemikali nyingine ya mmea huohuo, na ndiyo iliyojaa kwenye bangi ya kuvuta. Anayemvutisha ndugu yake msokoto ili aache waragi hamtibu, anamwongezea mzigo.

Kuna jambo la ini pia. Dawa ya kanabidioli iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ni ya kifafa, na madaktari hupima ini la mgonjwa kwa sababu dawa hiyo inaweza kulidhuru. Mnywaji wa miaka mingi ini lake tayari limechoka! Jaribio likifanyika Uganda, nami natamani lifanyike, kipimo cha ini kitangulie.

Kwa leo, aliyezidiwa mpelekeni hospitali. Butabika kule Kampala wanatibu uraibu. Msimfungie chumbani mkamkatia pombe ghafla. Akianza kutetemeka, kuweweseka au kupata degedege, hiyo ni dharura, inaweza kumuua. Usiku huohuo tafuteni gari.